Milimita Mbili na Kitu

Msumari wa shaba umechomekwa mwambani,
ukingoni mwa Menengai, pasipo kivuli.
Kazi yangu ni kuufuta vumbi,
kuusimamishia chombo cha miguu mitatu,
kisha kunyamaza saa nane
setilaiti zikihesabu.

Nasambu, aliyesomea miamba, ananisomea nambari, naandika.
Mwaka jana tulisimama hapa.
Mwaka huu tupo papo hapo,
ila papo hapo pamesogea:
Mau inaiacha Nyandarua
milimita mbili na kitu,
polepole kuliko ukucha,
polepole hata kuliko kesi ya shamba letu.

Nilicheka.
Nikamwambia, mama yangu ana ufa jikoni
uliomeza mwiko.

Akaja Kiamunyi kuuona, mvua za Aprili zikiwa zimepusa.
Akapiga magoti, akatumbukiza fito, fito ikapotelea mle.
“Huu sio wenyewe,” akasema.
“Haya ni majivu ya kale, mlima uliyatema,
sasa maji yameyakokota.
Wenyewe uko chini sana, na hauna haraka.”
Mama akaudhika kidogo,
kama mgonjwa aliyeambiwa hana kitu.

Siku hiyo palikuwa na unga umekandwa.
Nasambu akaomba donge, akalivuta huku na huku.
“Ganda la dunia halikatiki mara moja.
Hunyumbuka. Katikati hukonda, hubonyea,
na hapo palipobonyea ndipo tulipojenga,
sisi na ziwa na heroe wake.
Chini yake mwamba wa moto hupanda kujaza nafasi.
Ukipanda, huyeyuka.”

“Nani anaukoleza huo moto?” mama akauliza.

“Hakuna. Moto ni ule ule.
Kilichoushikilia ukawa mgumu ni uzito ulio juu yake.
Ukipunguziwa mzigo,
unayeyuka.”

Mama akageuza chapati.
Akaigeuza tena, kabla ya wakati wake.

Nami nikawa niko kwingine,
mwaka ule wa msiba wa baba,
mama akihesabu sahani za wageni, jicho kavu,
arobaini na mbili, mbili zina nyufa, ziwekwe kando.
Miaka kumi na mmoja ya magunia ya viazi vya Molo,
mgongo umepinda kama mpini wa jembe bovu,
na deni la chama likila mbele na nyuma.
Hakulia. Watu walimsema kwa hilo.

Hadi asubuhi ile karani Kibichii
alipogonga muhuri kwenye risiti ya mwisho,
tukatoka nje,
naye akaketi kwenye ngazi, mjini, mchana kweupe,
akabubujika:
leso, risiti, viatu, vyote chepechepe.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, niliona haya.
Nikamwambia, “Mama, si limekwisha? Unalia nini?”

Mwalimu wa jiografia alitufundisha volkano kwa chaki nyekundu.
Hili hakulisema.

Nasambu anasema kinachopanda hupoa,
hugeuka jiwe jeusi, likawa sakafu,
nalo likipasuliwa katikati, jingine huja.
Bahari ya Shamu ilianza hivi hivi, nchi kavu, watu hawapo.
Ipo siku isiyo na kalenda
ambapo hapa patakuwa na ardhi mpya kabisa,
haina hatimiliki, haina bikoni,
ami zangu hawatakuwepo kuigombania.
Namwazia wakili wetu, nacheka peke yangu.

Mama bado huziba ufa wake kwa saruji kila Mei.
Hupiga lipu vizuri, hulainisha kwa kisahani,
na Nasambu, akipita kunywa chai,
huukanyaga kwa adabu.

Kesho saa moja niko ukingoni tena.
Kitambaa ninacho mfukoni.
Hizo mbili zitaandikwa kitabuni, zimepata pa kukaa.
Ninachokitafuta mimi
ni hicho kitu.